SARAFU YA KUMBUKUMBU SI PAMBO LA KABATI

Imejengeka miongoni mwetu desturi ya kuamini kwamba kumbukumbu ya taifa imekamilika mara kitambaa kinapovutwa, wapiga picha wakamulika taa zao, wageni waalikwa wakapiga makofi, na wachache wao wakaondoka na kijisanduku chenye sarafu mpya inayong'aa. Wiki moja baadaye humsikii mtu akiizungumzia sarafu hiyo. Imekwisha kuingia kabatini, kando ya vikombe vya michezo na saa iliyosimama. Mwuza viazi wa Mwanjelwa hakuiona. Mkulima wa Kilolo hakusikia habari zake. Mwalimu wa historia kule Mufindi, ambaye ndiye angestahili kuipokea kwanza, amesoma habari zake katika gazeti lililomfikia likiwa limefungiwa maandazi.

Naomba nieleweke mapema, ndugu msomaji. Mimi si adui wa sarafu za kumbukumbu. Nimefundisha historia kwa miaka mingi katika shule za Iringa na Mbeya, na ninao mkebe wa kahawa uliojaa sarafu nilizozihifadhi tangu ujana wangu. Kwa hiyo sibishani na wale wanaozitoa wala na wale wanaozikusanya. Ninalolipinga ni kuigeuza sarafu, kitu ambacho kwa asili yake ni mali ya sokoni na cha mikono ya watu wote, kuwa zawadi ya ukumbini na fahari ya watu wachache. Hilo ni kosa, na halina budi kusemwa hadharani.

Tuanze na neno ambalo kila mtu hulitamka kila siku bila kulifikiri: hela. Watoto wetu wanadhani neno hilo lilizaliwa pamoja na Kiswahili. La hasha. Mwaka 1904 Wajerumani walibadilisha mfumo wa fedha wa koloni lao la Afrika Mashariki, wakaigawa rupia katika sehemu mia, na kila sehemu wakaiita Heller. Utawala wao uling'olewa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini sarafu yao ndogo ya shaba imebaki kinywani mwetu. Hali kadhalika neno pesa lilitufikia kutoka Bara Hindi, na thumuni, ambayo maana yake ni sehemu ya nane, wazee wetu waliendelea kuitumia kuiita senti hamsini. Hakuna kitabu cha serikali kilichowahi kuenea namna hiyo. Mtu asiyejua kusoma aliishika sarafu, akaitazama picha yake, akalijua jina lake, akamrithisha mwanawe.

Wakoloni walilijua jambo hili vizuri sana. Rupia ya mwaka 1890 ilikuwa na sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili akiwa amevaa kofia ya chuma. Kodi ya kibanda ilipoanza kutozwa mwaka 1898, kibanda cha shamba kilidaiwa rupia 3, na mwenye kibanda ambaye hakuwa na rupia alilazimika kuuza mazao, mifugo au nguvu zake ili aipate. Mwaka huo huo, tarehe 19 Julai, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi huko Mlambalasi asije akatiwa mikononi mwa adui akiwa hai. Kichwa chake kilichukuliwa, na fuvu lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Basi tafakarini: sura ya Kaiser ilipita katika viganja vya watu waliotozwa kodi kwa nguvu, na huyu aliyeipinga dola yake alingoja miaka 56 hata fuvu lake lirejee nyumbani. Mkoloni hakuifungia sura yake kabatini. Aliipeleka sokoni, kwa sababu alijua kwamba huko ndiko dola inakoonekana.

Nasi tulipojitawala tulilijua. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa rasmi na Mwalimu Nyerere tarehe 14 Juni 1966, na mwaka huo huo zikatoka sarafu zetu wenyewe. Wale wenye mvi wanazikumbuka kama wanavyowakumbuka watu wa nyumbani: senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, senti hamsini ya sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika Mwenge. Mtoto wa Tukuyu aliyekuwa hajauona mwenge kwa macho yake aliujua kwa sababu alitumwa dukani kununua chumvi. Hapakuwa na haja ya kumwalika ukumbini.

Zilipofika sikukuu za taifa tuliendelea vivyo hivyo. Mwaka 1971, Uhuru ulipotimiza miaka kumi, ilitolewa sarafu ya shilingi tano yenye pande kumi, ikiwa na picha za mazao na mifugo. Mwaka 1978, Arusha ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa nchi za Afrika, ikatolewa nyingine ya shilingi tano. Mwaka 1981 Uhuru ulipotimiza miaka ishirini, tukapata sarafu ya shilingi ishirini. Hizo zilikuwa sarafu za madini ya kawaida, ambazo mtu aliweza kuzipokea kama chenji, akanunulia mafuta ya taa, au akaamua kuibakiza moja kwa ajili ya wajukuu. Ninazo zote tatu katika mkebe wangu. Sikualikwa mahali popote ili nizipate. Moja niliipokea kwa kondakta wa basi pale Makambako.

Lakini sambamba na njia hiyo njema ilikuwapo njia ya pili, nayo ndiyo ninayoishitaki leo. Mwaka 1974, katika mpango wa kimataifa wa kuhifadhi wanyama, zilitolewa kwa jina la Tanzania sarafu za fedha za shilingi 25 zenye twiga na za shilingi 50 zenye faru, pamoja na sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye duma na uzito wa zaidi ya gramu 33. Zilikuwa nzuri mno, wala sikatai kwamba lengo lilikuwa jema. Lakini ziliuzwa kwa wakusanyaji, na wengi wao walikuwa ng'ambo. Nauliza: ni mwanakijiji gani anayepakana na hifadhi ya Ruaha aliyewahi kuishika sarafu ile ya faru? Na wakati faru huyo wa fedha akiwa amelala salama katika masanduku ya Ulaya na Marekani, faru wa nyama na damu alikuwa akiuawa. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwamaliza karibu faru wote wa nchi hii, na wa Ruaha wakatoweka pamoja nao. Sisemi kwamba sarafu ingewaokoa. Nasema kwamba ujumbe wa kumhifadhi faru ulipelekwa kwa watu wasiokaa naye, na wale waliokaa naye hawakupewa hata picha yake kiganjani. Faru alikuja kuingia katika sarafu ya matumizi ya kila siku, ile ya shilingi hamsini, mnamo miaka ya 1990, na wakati huo porini alikuwa amebaki wa kuhesabika.

Mwaka 2011 tukalirudia kosa. Uhuru wa Tanganyika ulitimiza nusu karne, siku ambayo haitarudi tena, na kumbukumbu iliyotolewa ikawa sarafu ya madini ya fedha yenye thamani ya shilingi 50,000. Tuipime thamani hiyo kwa kipimo cha mwalimu. Mwaka huo ada ya mwanafunzi katika shule ya sekondari ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kwa hiyo thamani iliyoandikwa usoni mwa sarafu moja ilitosha kumlipia mtoto ada ya miaka miwili na nusu. Ni mzazi gani wa Ilula au wa Chimala angeacha kumlipia mwanawe ada ili anunue kipande cha fedha cha kukiangalia? Na kama si huyo, iliwekwa kwa ajili ya nani?

Majirani zetu hawakufanya hivyo. Kenya ilipotimiza miaka arobaini ya uhuru mwaka 2003, ilitoa sarafu ya shilingi arobaini ambayo mtu aliweza kulipia nauli ya matatu. Uganda ilipotimiza miaka hamsini mwaka 2012, mwaka mmoja tu baada yetu, ilitoa sarafu ya shilingi 1,000 kwa matumizi ya kawaida. Mwuza ndizi wa Mbarara aliupokea uhuru wake kama malipo ya ndizi zake. Mwuza ndizi wa Rungwe alizisikia hotuba redioni. Sipendi kuilinganisha nchi yangu na nyingine ili kuidunisha, lakini penye ukweli uongo hujitenga: katika jambo hili wenzetu walitangulia, na njia waliyoifuata ni ile ile tuliyoianzisha sisi mwaka 1971 kisha tukaiacha.

Sasa nigeukie sherehe zenyewe, maana hapo ndipo watumishi wenzangu wanapohusika. Nimehudhuria uzinduzi wa vitu vya kila namna: majengo, vitabu, medali na sarafu. Utaratibu ni mmoja. Magari hupangana tangu saa mbili. Mgeni rasmi hufika saa tano. Wanafunzi waliotolewa darasani ili waimbe husimama juani mpaka wengine wakaanguka. Maofisa wa idara ambazo hazihusiki kabisa na fedha hujaza viti vya mbele, kwa kuwa kutoonekana hapo ni hatari kuliko kutoonekana kazini. Siku moja, nikiwa katika ofisi ambayo sitaitaja, nilimkuta mzee aliyetoka Chunya kufuatilia kiinua mgongo chake. Aliambiwa arudi kesho, kwa sababu "wakubwa wako kwenye uzinduzi". Mzee yule alilala stendi. Taifa linalosherehekea historia yake kwa kumlaza stendi mtu aliyeijenga historia hiyo limesahau linasherehekea nini.

Watatokea wa kunijibu. Wa kwanza atasema: "Kwani tuna dhiki ya sarafu? Shule hazina madawati, wewe unazungumzia vipande vya madini!" Jibu langu ni kwamba sarafu zitafuliwa tu, ziwe za kumbukumbu au zisiwe. Mwaka 2014 noti ya shilingi 500 ilianza kuondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na sarafu, kwa sababu noti hiyo ilichakaa upesi kwa kupita katika mikono mingi mno. Zingatieni sababu hiyo. Kile kinachopita katika mikono mingi kuliko vyote ndicho chombo bora kuliko vyote cha kuwakumbusha watu. Kuichora upya sura moja ya sarafu ambayo hata hivyo ingefuliwa, bila kubadilisha ukubwa wake wala madini yake, hakuwezi kumnyima mtoto dawati. Tafrija za uzinduzi ndizo zinazoweza.

Wa pili atasema: "Mkitoa sarafu za kumbukumbu kwa matumizi ya kawaida, watu watazificha, na chenji itaadimika." Hoja hii ina uzito, maana sote tunaijua adha ya kurudishiwa peremende na viberiti badala ya chenji. Lakini watu huficha kitu kilicho adimu. Sarafu ikitolewa kwa wingi, kila anayetaka moja ya kuhifadhi ataipata, na zilizobaki zitazunguka. Tena tusisahau hesabu ndogo: sarafu iliyofuliwa kwa gharama iliyo chini ya thamani yake, ikiwekwa mkebeni na mwananchi, ni sawa na mkopo usio na riba ambao mwananchi huyo ameikopesha nchi yake. Mimi na mkebe wangu ni wakopeshaji wa siku nyingi, wala hatujadai.

Wa tatu atasema kwamba sarafu za dhahabu na fedha huleta faida kwa kuuzwa kwa wakusanyaji wa nje. Sawa. Na ziuzwe! Dhahabu tunayo. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, na Chunya ina soko lake la madini tangu 2019. Waingereza waliichimba dhahabu ile kwa miongo mitatu, na kabla yao, mwaka 1916, Wajerumani waliobanwa na vita walifua sarafu ya rupia 15 kwa dhahabu ya nchi hii katika karakana ya reli pale Tabora, wakaichora tembo. Zilifuliwa takriban 16,000 tu, na leo wakusanyaji wa Ulaya wanazigombania kwa bei kubwa. Kama watu wa nje wanataka dhahabu yetu ikiwa na picha juu yake, tuwauzie kwa bei ya haki. Lakini faida hiyo ijulikane inakwenda wapi, na sehemu yake irudi katika makumbusho na mashule. Wala isiwe kisingizio cha kumnyima mwananchi sarafu yake ya kumbukumbu ya madini ya kawaida. Mwenye ng'ombe huuza maziwa, lakini kwanza watoto wake hunywa.

Basi napendekeza mambo manne.

La kwanza, kila siku kuu ya taifa inayostahili sarafu ya kumbukumbu iadhimishwe kwa sarafu ya matumizi ya kawaida, ya shilingi 200 au 500, ibadilishwe kwa thamani ile ile iliyoandikwa usoni. Mwananchi alete mia tano yake ya zamani, apewe mia tano mpya. Asidaiwe ziada hata senti.

La pili, sarafu ziwafuate watu. Benki Kuu ina tawi Mbeya, nalo ni jambo la kushukuru, lakini Iringa haina, na kati ya miji hiyo miwili ni safari ya zaidi ya kilometa 300. Mabenki ya kawaida na ofisi za posta zipewe mgao siku hiyo hiyo, ili mwalimu wa Pawaga asihitaji kuwa na ndugu mjini ndipo aipate.

La tatu, uzinduzi ukifanywa, ufanywe mahali penye maana, usiwe mrefu, na wanaoketi mbele wawe wale ambao historia inawahusu. Kama ni sarafu ya mashujaa, izinduliwe Kalenga mbele ya wanafunzi, kisha kila mwanafunzi aondoke na moja mkononi. Kama ni ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa Julai 1976, wakalishwe mbele wazee waliobeba mataruma kati ya Makambako na Mbeya, kabla hatujawazika wote. Mbeya inatimiza miaka mia moja mwaka 2027. Je, mtoto wa Mbeya atapata chochote cha kushika, au ataambiwa kulikuwa na tafrija?

La nne, kila shule ya sekondari ipewe seti moja ya sarafu za nchi hii, za zamani na mpya, pamoja na kijitabu cha maelezo. Nimefundisha somo la ukoloni kwa chaki peke yake, na nimelifundisha nikiwa na rupia ya Kaiser mkononi. Tofauti yake ni kubwa. Mtoto akiishika rupia hiyo, akaambiwa kwamba tatu kama hizi ndizo zilizodaiwa kwa kibanda cha babu wa babu yake, hahitaji tena kulazimishwa kukariri.

Nanyi walimu na watumishi wenzangu, msingoje mialiko wala waraka. Kukusanya sarafu si anasa ya Wazungu. Ni kazi ya kuweka kumbukumbu, na sisi ndio wenye kazi hiyo. Anzeni na zilizo mifukoni mwenu. Waulizeni wazee vijijini kabla mikebe yao haijatupwa pamoja na nguo zao za zamani. Mkipata sarafu ya kale msiisugue kwa majivu wala mchanga ili ing'ae, maana mkifanya hivyo mtaifuta historia yake. Ihifadhini pakavu, na muandike kwenye karatasi imepatikana wapi, kwa nani na mwaka gani, kwani sarafu isiyo na maelezo ni bubu. Mliozipata za fedha na dhahabu kwa cheo chenu, zitoeni kabatini mara moja kwa mwaka mkawaonyeshe wanafunzi wa shule iliyo jirani. Hamtapungukiwa kitu.

Zile senti za samaki, mbuni na sungura zimetoweka sokoni. Kupanda kwa bei kulizimeza, na watoto waliozaliwa tangu miaka ya 1990 hawajui hata sauti yake zinapoanguka sakafuni. Lakini bado zimo katika mikebe ya Iringa na Mbeya, kwa kuwa zilipata nafasi ya kuifikia mikebe hiyo. Sarafu ya shilingi 50,000 haikuipata. Waliokabidhiwa kazi ya kuamua sarafu ijayo itakuwaje wanao wakati wa kufikiri. Wafikirie mkebe wa mwananchi kwanza, na kabati la mgeni rasmi baadaye.